Wahitimu wa ufundi wanataka kazi karibu na kwao: tuanzie wapi?

Washauri, hamjambo.

Mimi ni mkufunzi katika chuo cha ufundi huku Butere, kaunti ya Kakamega, na ndiye niliyepewa jukumu la atachimenti (mafunzo ya vitendo kazini) na kufuatilia wanaomaliza. Tunafundisha stima, uchomeleaji, ushonaji na ukarabati wa mitambo midogo. Vijana wanafundishika na vyeti wanapata, lakini wakishamaliza wanabaki na njia mbili tu: apande basi la Nairobi akakae kwa binamu yake, au akodi pikipiki abebe abiria. Nimeandikia kampuni za Kisumu na Kakamega mjini barua nyingi. Nyingi hazijibiwi, na yule anayechukuliwa mshahara wake unaishia kwenye kodi ya nyumba. Wazazi nao wanataka watoto wabaki karibu, walale nyumbani, wasaidie shambani.

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Kwanza, huku kwetu hakuna viwanda: nimwombee kijana kazi kwa nani? Pili, kuna mfadhili anayetaka kuwapa wahitimu masanduku ya vifaa siku ya mahafali, na wenzangu wanahofia kwamba vitauzwa kabla mwezi haujaisha. Tukubali? Tatu, mzazi mmoja ananiuliza kama auze mtamba amnunulie mwanawe mashine ya kuchomelea. Nimjibu nini?

Mkufunzi, Butere

JIBU

Mwalimu, salamu nyingi.

Hizo barua zako zinakwenda kusikokuwa na kazi. Mashambani kazi haina ofisi ya kuajiri, imekatika vipande vipande: mashine ya kusaga iliyosimama tangu Jumanne, geti la kanisa lililong'oka bawaba, sare za watoto wanaoingia Gredi ya 7. Kila kipande ni kidogo mno kumwajiri mtu. Lakini ukivikusanya katika eneo ambalo kijana anaweza kulizunguka kwa baiskeli, vinatosha kumlisha fundi mmoja, pengine wawili. Kuvikusanya ni kazi ya chuo, na ifanyike kabla ya mahafali.

Tumia atachimenti kufanya hivyo. Wiki chache kabla haijaanza, mpe kila mwanafunzi daftari na eneo lake, yaani masoko mawili matatu ya karibu na kwao: Sabatia na Shiatsala kwa mmoja, Manyala kwa mwingine, Lunza, Khwisero, na kadhalika. Aandike kila kitu kinachozunguka, kinachoshonwa, kinachofungwa kwa chuma au kinachotumia stima, pamoja na jina la mwenyewe: mashine za kusaga, pampu za maji, vinyozi na saluni, friji za maziwa, mashine za kukatia ng'ombe majani, shule, zahanati, makanisa, nyumba zilizoishia kwenye linta. Kwa kila mwenye mali aulize maswali manne. Ni nini kiliharibika mara ya mwisho? Aliyekitengeneza alitoka wapi? Ulingoja siku ngapi? Ulilipa ngapi, pamoja na nauli ya fundi?

Lile la siku za kungoja ndilo la maana kuliko yote. Kama mwenye mashine ya kusaga Manyala alingoja siku nne fundi atoke Kisumu, hapo pana kazi hata kama hakuna aliyeitangaza. Kama jibu ni kwamba fundi yupo hapo ng'ambo ya barabara na alikuja saa hiyo hiyo, mhitimu wa fani hiyo akatafute soko lingine. Na wakataze kuuliza "mngependa tuwafanyie nini?" Watu wa kwetu hawapendi kumvunja mtoto moyo. Watakubali kila kitu, na siku ya kulipa hawaonekani.

Kuna kikwazo kimoja cha kutarajia. Mwenye karakana ya jua kali huwa hamfundishi vizuri kijana anayejua kwamba kesho atafungua banda mkabala naye. Atamfagilisha na kumtuma chai miezi mitatu. Kwa hiyo mtu wa Sabatia mpeleke kwa fundi wa Khwisero, na wa Khwisero umlete Sabatia, huku kila mmoja akijaza daftari la kwao siku za mapumziko. Au mpeleke kwa mwenye mtambo badala ya kwa fundi, ambako hakuna wivu wa biashara.

Tuichukue mashine ya kusaga kama mfano, kwa sababu haikosekani kwenye masoko ya magharibi, na ikisimama mwenyewe anapoteza wateja siku hiyo hiyo. Mashine hizi huharibika kwa mpangilio unaojulikana. Nyundo za ndani huliwa upande mmoja. Zikiliwa, unga unatoka polepole na mota inakaza, na mwenyewe anadhani stima ni dhaifu. Nyundo nyingi zina zaidi ya kingo moja ya kusagia, kwa hiyo hugeuzwa kabla ya kununua mpya. Zikibadilishwa, zibadilishwe zote, na zile zinazotazamana ziwe na uzito sawa. Mizani ya dukani inatosha kuzipima. Fundi akibadilisha mbili tu zilizovunjika na kuziacha kuukuu sita, mashine itatetemeka, na mtetemo huo utaua beringi ndani ya muda mfupi. Chekeche likipasuka hata tundu la ukubwa wa punje, unga unatoka chenga na wateja wanahamia kwa jirani. Mikanda nayo hubadilishwa yote pamoja, maana mmoja mpya kati ya mikuukuu hubeba mzigo peke yake mpaka ukatike. Grisi ya beringi iwe ya kiasi: beringi iliyoshindiliwa grisi nayo hupata joto.

Upande wa stima, kifo cha kawaida cha mota za fezi tatu, yaani zinazopokea stima kwa nyaya tatu, ni fezi moja kupotea, pengine fyuzi imekatika au waya umelegea kwenye stata, kile kisanduku cha kuwashia mota. Mota iliyokuwa ikizunguka haisimami. Inaendelea kwa fezi mbili, mkondo katika hizo mbili unapanda kwa zaidi ya nusu, na koili zinaungua. Kuna kifaa ndani ya stata, ovalodi, kilichowekwa kuzuia hilo. Mara nyingi utakuta mwenyewe ameizungusha mpaka mwisho kwa sababu "ilikuwa inakatakata." Ilikatakata kwa kuwa nyundo zimeliwa na mota inalemewa! Fundi aliyefunzwa husoma kibati cha mota (ya kilowati 11, yaani nguvu farasi 15, huandikwa ampea 21 au 22 hivi), hurudisha ovalodi kwenye kiwango hicho, kisha huenda kutafuta kinachoilemea. Akiongeza kifaa cha kukata stima fezi moja ikipotea, amemwepushia mwenye mashine gharama ya kusuka koili upya.

Umeona kwamba hapo pamehitajika stima na mitambo kwa pamoja? Vyuo huzifundisha katika madarasa tofauti, na soko halina habari. Waunganishe wawili wawili. Wawili hao waende kwa wenye mashine na pendekezo moja lililoandikwa: tutapita mara mbili kwa mwezi, tukague nyundo, chekeche, mikanda, beringi, nati za stata na mkondo wa kila fezi, na mkipata shida tufike siku hiyo hiyo. Tuseme wamekubaliwa na mashine 8 kwa shilingi 500 kila ukaguzi. Hizo ni shilingi 8,000 kwa mwezi kabla hawajalipwa ukarabati wowote. Ni kidogo kwa watu wawili, lakini ni pesa yenye tarehe, na ukaguzi wenyewe ndio unaoleta kazi kubwa. Kila mashine iwe na karatasi yake ukutani yenye tarehe na vipimo. Mwenyewe akiona mkondo umepanda kutoka ampea 17 hadi 21 kwa miezi miwili, hahitaji kubembelezwa anunue nyundo.

Wachomeleaji wana hali tofauti. Masoko mengi tayari yana banda la milango na madirisha, na kuongeza lingine ni kushusha bei ya wote. Wao wapelekwe kwenye matengenezo yanayofuatwa mteja alipo: madawati ya shule, vitanda vya bweni, trela za kubebea miwa, mikokoteni, makeria ya pikipiki. Lakini mlango utaombwa tu, na hapo ndipo wahitimu wanapata hasara, kwa sababu walifundishwa kuchomelea na hawakufundishwa kukadiria. Mlango wa futi 7 kwa 3: fremu ni futi 7 na 7 na 3, jumla 17, kwa hiyo inatoka kwenye bomba moja la mita 6, ambalo ni karibu futi 19 na nusu. Kizingo cha mlango wenyewe, ambao ni mdogo kidogo kuliko fremu, kinameza bomba la pili karibu lote. Mihimili ya katikati inadai bomba la tatu, na linabaki kipande. Bati ni la futi 8 kwa 4. Ongeza bawaba, kitasa, elektrodi, jiwe la kukatia, rangi ya msingi, stima na usafiri. Mwanafunzi asiyeweza kuandika orodha hiyo bila kuangalia popote asiondoke chuoni.

Ushonaji tutaupitia upesi, kwa sababu soko lake linahesabika. Tangu 2023 sekondari ya msingi (Gredi ya 7 hadi 9) iko ndani ya uwanja wa shule za msingi, kwa hiyo watoto wa Gredi ya 6 watakaohitaji sare mpya Januari mnawajua kwa idadi tangu Oktoba. Mshonaji aende shuleni wakati huo, apime, achukue malipo ya awali ya kitambaa, ashone Novemba na Desemba. Anayengoja Januari anakuta wazazi wameshanunua za mjini. Cherehani ya kawaida peke yake haitoshi, kwa kuwa sare isiyopigwa ovaloki, yaani mshono wa kufunga kingo za kitambaa, hufumuka ikifuliwa mara chache na shule haitarudi. Washonaji wanne wanaweza kutumia ovaloki moja.

Kuhusu stima za majumbani, tuseme wazi: cheti cha chuo hakimruhusu kijana kufunga waya za nyumba kwa jina lake. Leseni hutolewa kwa madaraja na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na Kenya Power, kampuni ya kusambaza stima, huunganisha nyumba ikiwa na cheti cha kukamilisha kazi kilichotiwa sahihi na mwenye leseni. Tafuta mkandarasi mwenye leseni Mumias au Kakamega akubali vijana wako wamfanyie kazi za huku chini ya jina lake, akague mwenyewe na kutia sahihi. Mapatano yaandikwe, na kijana aweke rekodi ya kila nyumba, maana atahitaji kuonyesha uzoefu siku akiomba leseni yake. Kufunga mitambo ya sola nako kuna leseni za EPRA, daraja T1 hadi T3. Kwa fani nyingine, mtihani wa daraja la tatu wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, unasaidia pale mteja asipokijua chuo chenu, na wajenzi wana kibali cha NCA, mamlaka ya ujenzi. Karatasi hizi hazileti mteja, ila bila hizo mlango wa shule na wa serikali hufungwa.

Nikitaja serikali: katika Katiba ya 2010 vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti, na elimu ya chekechea pia ni ya kaunti, na zahanati vilevile. Yaani anayekumiliki wewe ndiye anayenunua viti vidogo vya chekechea na kutengeneza vitanda vya zahanati. Nenda kwa afisa wa wadi na kwa mwakilishi wadi ukiwa na sampuli ya kiti, bei na muda wa kukamilisha. Vijana wenyewe wakitaka zabuni, sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 imetenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Cheti cha AGPO, kinachowasajili kwa zabuni hizo, hakilipiwi, na anayedai pesa ya "kuharakisha" ni tapeli. Hatari iko kwenye malipo. Shule nyingi hulipa pale pesa za serikali zinapoingia, na zikichelewa fundi anachelewa nazo. Kwa hiyo wasianze kazi bila agizo la maandishi, shule inunue chuma na mbao yenyewe, na mhitimu asiwe na shule zaidi ya moja anayoidai kwa wakati mmoja.

Sasa jambo ambalo limewakimbiza wengi mjini, na watu hawalisemi. Nyumbani kijana haitwi fundi, anaitwa mtoto wa fulani. Shangazi anataka bawaba ichomelewe bure, mzee wa kanisa anasema "nitakuona," na yeye hana uso wa kudai. Msaidieni kwa utaratibu. Bei ya kazi iandikwe kwenye karatasi yenye mhuri wa chuo na ibandikwe ukutani, ili akatae kwa niaba ya karatasi. Bei ya kazi itengwe na ya vifaa, na mteja aende hadiwea mwenyewe akiwa na orodha. Hiyo inaondoa fununu kwamba kijana amekula pesa za msumari. Nusu ya ufundi ilipwe kabla, iliyobaki siku ya kukabidhi, na ilipwe kwa Pochi la Biashara au Lipa na M-Pesa, isichanganyike na pesa ya sukari.

Na boda boda usiipige vita. Inalipa kila jioni, ufundi hulipa mwisho wa kazi, na kijana anakula kila siku. Abebe watoto wa shule asubuhi, kuanzia saa tatu awe kwenye ufundi, na pikipiki hiyo hiyo imfikishe kwa wateja. Ukimpigia simu mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita baada ya kumaliza, usimwulize kama amepata kazi. Mwulize: wiki iliyopita ulilipwa mara ngapi? Nani anakudai, na nani unamdai? Kifaa gani kimekukwamisha? Hilo la mwisho linakuonyesha pesa ya mfadhili iende wapi.

Basi masanduku. Kubali, lakini usiyagawe siku ya mahafali mbele ya kamera. Sanduku linauzwa kwa sababu mhitimu analipata kabla ya mteja, na njaa haingoji. Mwombe mfadhili vifaa vibaki mali ya chuo kwa miezi 12 vikiwa na namba zilizochongwa, vitolewe kwa anayeleta daftari lenye wateja watano waliokubali kwa maandishi, na alipe kidogo kila mwezi mpaka viwe vyake. Pesa hiyo inunue vya darasa lijalo. Usiwape wote sanduku la aina moja. Wale wawili wa mashine za kusaga wanahitaji klampu mita (ya kupimia mkondo bila kukata waya), kivuta beringi, pampu ya grisi na spana za milimita 10 hadi 24. Vifaa vya bei vinavyotumika mara chache, kama kipimo cha insulesheni (cha kuona kama stima inavuja kwenye waya au koili), vikae chuoni viazimwe. Kuhusu mikopo, Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, kwa mtu binafsi ni kati ya shilingi 500 na 50,000, na hurudishwa kwa siku 14. Inafaa kununulia kitambaa ambacho mteja atalipia wiki ijayo. Kununulia mashine, hapana.

Mzazi mwenye mtamba mwambie asiuze bado. Kwanza kijana akakodi nafasi kwenye banda lililopo, alipe kwa siku au kwa kazi, kwa miezi mitatu, na kila shilingi iandikwe. Wakati huo apime stima ya mahali anapotaka kufungua, kati ya saa moja na saa tatu usiku watu wakiwa wamewasha kila kitu, na tena saa tano asubuhi. Stima ya Kenya ni volti 240. Pale ambapo jioni inashuka chini ya 200, mashine haitachoma vizuri hata kama ni mpya: elektrodi ya milimita 2.5 inataka ampea 60 hadi 90, na volti ikianguka itakuwa inagandamana na chuma. Hapo ni lazima afanye kazi mchana tu, au ahamie karibu na transfoma, au anunue jenereta, na bei ya jenereta ni mtamba wa pili. Vipimo vikiwa vizuri na daftari likionyesha kwamba baada ya kulipia banda alibaki na faida miezi yote mitatu, anunue mashine ya inveta ya fezi moja, ile nyepesi ya kielektroniki. Zile nzito za transfoma zinavuta stima nyingi, na majirani watalalamika taa zao zikififia kila anapochoma.